Jinsi ya Kusoma Mashairi ya Kimetafizikia Yanayobeua Mapenzi na Uaminifu: Mwongozo Kamili

Anayefungua kwa mara ya kwanza mkusanyo wa mashairi ya mapenzi ya John Donne, mshairi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1572 na kufariki mwaka 1631 na anayehesabiwa miongoni mwa washairi wa kimetafizikia, yaani wale wanaobishana kwa hoja na sitiari za mbali, hupatwa na mashaka mapema. Katika ukurasa mmoja wapendanao wawili wameungana hata umbali wa nchi na bahari hauwatenganishi. Katika ukurasa unaofuata msemaji anaapa kwamba ukiizunguka dunia nzima hutampata mwanamke mzuri aliye mwaminifu. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya walimu, hulimaliza tatizo hili kwa kusema kwamba mashairi ya kejeli ni utani wa ujanani, au kwamba ni ungamo la mtu aliyewahi kuumizwa. Majibu yote mawili humwondolea msomaji kazi ya kusoma.

Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine. Shairi la kibeuzi, yaani lile linalodharau mapenzi yaliyokwezwa na viapo vya uaminifu, lisomwe kama kesi inayotetewa mbele ya baraza. Msomaji azifuate hoja moja baada ya nyingine hadi afike mahali zinapokatika, kwa sababu katika mashairi bora ya aina hii ni mshairi mwenyewe aliyepanga zikatike hapo. Unachohitaji ni matini ya mashairi yenyewe, kalamu ya risasi, na kamusi ya Kiingereza inayoonyesha maana za kale za maneno. Nitatumia zaidi mashairi manne ya Donne, nayo ni "Woman's Constancy", wimbo unaoanza kwa amri ya kukamata kimondo, "Love's Alchemy" na "Community", huku nikigusa mengine pale yanapofaa.

Hatua ya kwanza: fahamu ni kitu gani kinachobeuliwa

Dharau haieleweki bila kile kinachodharauliwa. Nyuma ya mashairi haya kuna desturi ndefu inayoanzia kwa Francesco Petrarca wa Italia, ambaye kwa maelezo yake alimwona Laura kanisani huko Avignon tarehe 6 Aprili 1327, na kwa miaka mingi akamtungia mashairi yaliyokuja kukusanywa katika diwani yenye vipande 366. Kutokana naye Ulaya ilirithi picha ya bibi aliye mbali, mzuri na mgumu wa moyo, pamoja na mpenzi anayeungua na kuganda kwa wakati mmoja, anayeabudu bila kulipwa na kungoja bila kuchoka. Uingereza iliipokea desturi hii kwa shauku kubwa katika miaka ya 1590: tungo za Philip Sidney kwa Stella zilichapishwa mwaka 1591, za Samuel Daniel kwa Delia mwaka 1592, na za Edmund Spenser mwaka 1595. Sambamba na hayo kulikuwa na falsafa iliyotokana na Plato, iliyofundisha kwamba kuupenda uzuri wa mwili ni ngazi ya chini tu ya safari ya roho kumwendea Mungu.

Donne alikuwa na mwalimu mwingine aliyemsaidia kuikataa desturi hiyo, naye ni Ovid, mshairi wa Roma. Katika kitabu cha pili cha tungo zake za mapenzi, shairi la nne, Ovid anamchora mwanamume anayekiri kwamba kila aina ya mwanamke humvutia, mwenye haya na asiye na haya, mrefu na mfupi, msomi na asiyesoma. Tafsiri ya Kiingereza ya tungo hizo, iliyofanywa na Christopher Marlowe, ilichomwa moto hadharani mwaka 1599 kwa amri ya maaskofu, jambo linaloonyesha kwamba utani wa namna hii haukuhesabiwa kuwa mchezo mtupu.

Unapoanza kusoma, jiulize shairi linapiga sehemu ipi ya desturi hiyo, kwa maana shabaha hazifanani. Wimbo wa kimondo unakana kwamba uzuri na uaminifu vinaweza kukaa katika mtu mmoja. "Love's Alchemy" unakana kwamba mapenzi yana siri ya kiroho iliyofichika chini ya mwili. "The Indifferent", wa Donne pia, unakwenda mbali zaidi, kwani haulalamiki kwamba uaminifu umepotea, bali unaugeuza uaminifu wenyewe kuwa uzushi wa kidini, hata Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anawakuta waaminifu wawili watatu na kuwahukumu wawe waaminifu kwa watu watakaowasaliti. Andrew Marvell naye, mshairi mwingine wa kimetafizikia, katika shairi lake maarufu kwa bibi mwenye kujivuta, hausemi vibaya uaminifu hata kidogo. Anachokicheka ni hesabu ya kungoja, miaka mia ya kuyasifu macho, mia mbili kwa kila titi na elfu thelathini kwa sehemu zilizobaki. Ukiyaweka yote haya katika fungu moja la "kejeli dhidi ya mapenzi", umeshapoteza nusu ya maana kabla hujaanza.

Hatua ya pili: mtenge mshairi na nafsineni

Kanuni hii, ya kumtenga mtunzi na nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, inajulikana na kila aliyesoma ushairi shuleni, lakini kwa Donne inavunjwa mara nyingi kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu maisha yake yanavutia mno. Alisomea sheria katika chuo cha mawakili cha Lincoln's Inn mjini London, akashiriki misafara ya kivita ya Cadiz mwaka 1596 na visiwa vya Azores mwaka 1597, kisha akawa katibu wa Sir Thomas Egerton, mkuu wa sheria wa ufalme. Desemba 1601 alimwoa kwa siri Anne More, mpwa wa mke wa bosi wake, na kwa kosa hilo akafukuzwa kazi na kuwekwa gerezani. Ndoa ilidumu hadi mwaka 1617, Anne alipofariki baada ya kujifungua mtoto wa kumi na mbili. Wakati huo Donne alikuwa kasisi, na mwaka 1621 akawa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo.

Kutokana na habari hizi hujengwa hadithi nyepesi: kijana mhuni aliandika mashairi ya ubeuzi, kisha mume mwaminifu akaandika mashairi ya mapenzi ya kweli. Donne mwenyewe aliichochea hadithi hiyo, kwani katika barua ya mwaka 1619 aliyoiandika kuhusu kitabu chake kingine alitofautisha kati ya Jack Donne na Daktari Donne. Hata hivyo mashairi yenyewe hayana tarehe. Yalizunguka kwa nakala za mkono miongoni mwa marafiki na yakachapishwa mwaka 1633 tu, miaka miwili baada ya kifo chake, na chapa ya mwaka 1635 ndiyo iliyoyakusanya ya mapenzi chini ya kichwa kimoja cha nyimbo na soneti. Ben Jonson, mshairi mwenzake aliyemfahamu, alisema kwamba Donne alitunga kazi zake bora zote kabla ya kutimiza miaka 25. Kama ni kweli, basi mashairi ya ubeuzi na ya uaminifu yalitoka katika kipindi kimoja, na hadithi ya mhuni aliyeokoka inaporomoka.

Kwa vitendo, andika "nafsineni" kila mahali ambapo ungependa kuandika "Donne", isipokuwa unapozungumzia uamuzi wa kiufundi kama vile vina au mpangilio wa beti. Utashangaa jinsi sentensi nyingi za tahakiki zinavyobadilika zinapovuliwa jina la mtu halisi.

Hatua ya tatu: uliza nani anasikiliza

Karibu kila shairi la Donne lina msikilizaji, na mara nyingi wawili: yule anayesemeshwa ndani ya shairi, na wale vijana wa vyuo vya sheria waliokuwa wakipokezana nakala. Katika wimbo wa kimondo anayesemeshwa ni msafiri, bila shaka mwanamume, wala hakuna mwanamke yeyote anayesikia. Katika "Woman's Constancy" anasemeshwa mpenzi mwenyewe. Katika "The Indifferent" msemaji anaanza kwa kujigamba hewani, anawageukia wanawake na kuwasihi wasiwe waaminifu kwa kuwa wanaume nao si waaminifu, kisha katika ubeti wa mwisho tunaambiwa kwamba Venus alimsikia akiimba wimbo huu. Maneno tuliyoyadhani kuwa mazungumzo yalikuwa onyesho tangu mwanzo. Wakili kijana anayejaribu ufundi wake mbele ya mawakili wenzake hasemi kila analoliamini, na mashairi haya yana harufu ya mazoezi hayo ya kubishana.

Hatua ya nne: fuata hoja mshororo kwa mshororo

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi zaidi, na hakuna shairi linaloifaa kama "Woman's Constancy". Lina mishororo 17 tu. Linaanza kwa kusema kwamba mpenzi amempenda nafsineni siku moja nzima, kisha linauliza: kesho utakapoondoka, utasema nini? Neno "nzima" tayari linauma, maana siku moja inapimwa kama vile ni umri.

Baada ya hapo nafsineni anataja visingizio vitano ambavyo mpenzi anaweza kuvitumia. Viandike pembeni kwa maneno yako, kila kimoja peke yake.

Cha kwanza ni kurudisha nyuma tarehe ya kiapo kipya ili kionekane kilitangulia kile alichokula kwake; huo ni ughushi wa hati, na neno alilolitumia Donne ni la ofisi ya wakili. Cha pili ni kudai kwamba wao si watu walewale waliokuwa jana, kwa hiyo mkataba hauna wahusika. Cha tatu ni kwamba viapo vilivyoliwa kwa kuihofia ghadhabu ya mungu wa Mapenzi havimfungi mtu. Hapa Donne anatumia msemo wa sheria za kanisa, uliomaanisha hofu ya heshima, kama ya mtoto kwa mzazi, ambayo ingeweza kuwa sababu ya kubatilisha ndoa. Cha nne ndicho cha ujanja kuliko vyote: kama kifo cha kweli kinavyoifungua ndoa ya kweli, ndivyo mikataba ya wapenzi, iliyo mfano tu wa ndoa, inavyofunguliwa na usingizi, ulio mfano tu wa kifo. Cha tano kinageuza maadili kichwa chini: kwa kuwa alikusudia tangu mwanzo kubadilika na kudanganya, njia pekee ya kuwa mkweli kwa kusudio lake ni kudanganya.

Sasa pima. Kisingizio cha nne kina uwiano kamili: mkataba kwa ndoa ni kama usingizi kwa kifo. Ukikubali hatua ya kwanza, huna pa kutokea. Lakini ukiuliza kwa nini nakala ya kitu ivunjwe na nakala ya kile kinachovunja kitu chenyewe, unaona kwamba hakuna sababu yoyote isipokuwa uzuri wa ulinganifu. Hoja inashinda kwa umbo, haishindi kwa ukweli, na ufundi huo umekusudiwa uonekane.

Kisha jiulize swali ambalo wasomaji wengi hulipita: nani aliyevitunga visingizio hivi? Mpenzi hajafungua kinywa. Hajaondoka, hajakana, hajadanganya. Vyote vitano vimetoka katika kichwa cha nafsineni, naye amevipanga kwa ustadi wa mtu aliyevifikiria kwa muda mrefu. Katika mishororo minne ya mwisho anamwita mpenzi wake mwendawazimu anayegeuzwa na mwezi, anajigamba kwamba angeweza kuzibishia hoja hizo na kuzishinda kama angetaka, kisha anajizuia, kwa sababu kufikia kesho huenda naye akafikiri vivyo hivyo. Mshtaki ametuonyesha kwamba hati ya utetezi ilikuwa yake. Kichwa cha shairi ndicho kinachomtaja mwanamke. Mishororo yenyewe haimtaji mwanamke wala mwanamume, na wako wahakiki waliolisoma kama maneno ya mwanamke kwa mwanamume. Jaribu usomaji huo japo mara moja. Hakuna kinachoharibika, na shutuma ya kichwa inaanza kuonekana kama kibandiko kilichobandikwa kwenye chupa isiyo yake.

Ukimaliza kazi hii kwa shairi moja, utakuwa umeielewa mbinu ya Donne kuliko kwa kusoma kurasa ishirini za maelezo.

Hatua ya tano: ujaribu mlinganisho hadi uvunjike

Washairi wa kimetafizikia wanajulikana kwa sitiari za mbali, zile zinazochukua vitu viwili visivyo na udugu na kuviunganisha kwa nguvu za akili. Samuel Johnson, mhakiki aliyeandika kuwahusu mwaka 1779, aliona kwamba mawazo yasiyofanana yamefungwa nira pamoja kwa mabavu. Hakukusudia sifa, lakini kwa mashairi ya ubeuzi maelezo yake yanafaa sana, kwa kuwa mabavu hayo ndiyo ushahidi tunaoutafuta.

Chukua "Love's Alchemy". Nafsineni anaanza na wachimbaji: wako waliochimba mgodi wa mapenzi kwa kina kuliko yeye, na wanadai wanajua kiini cha furaha kilipo. Yeye amependa, amepata, amesimulia, lakini hata akipenda hadi uzeeni hataipata siri hiyo, maana yote ni ulaghai. Hapo anahama kutoka mgodini na kuingia kwa wanaalkemia, wale waliotafuta dawa ya kugeuza madini kuwa dhahabu na kuponya kila ugonjwa. Hakuna aliyeipata, anasema, lakini kila mmoja hukisifu chungu chake ikiwa njiani ameangukia kitu chenye harufu nzuri au chenye kutibu. Wapenzi nao huota raha ndefu na tele, wakapata usiku wa kiangazi unaofanana na baridi, yaani mfupi na wa ubaridi pamoja.

Uliza mlinganisho unakubali nini bila kutaka. Mwanaalkemia hapati dhahabu, lakini anapata dawa na manukato. Nafsineni anataka kuthibitisha kwamba hakuna kitu, na mfano wake mwenyewe unasema kwamba kuna kitu, ila ni kidogo kuliko kilichoahidiwa. Uchungu wa shairi unatoka katika pengo hilo kati ya ahadi na zawadi, na mtu asiyeamini ahadi hiyo hata kidogo hangekuwa na sababu ya kukasirika kiasi hiki. Ubeti wa pili unaongeza dharau: anayeapa kwamba zinazooana ni akili wala si miili, anaweza vilevile kuapa kwamba katika kelele za wapiga ala wa siku ya harusi anausikia muziki wa sayari. Shairi linafungwa kwa picha ya mumia, mwili wa maiti uliokaushwa, ambao maduka ya dawa ya zama hizo yaliuuza kama tiba. Picha ya dawa iliyoanzia kwenye chungu cha mwanaalkemia inaishia kwenye nyama ya maiti, na huo ndio uzi ambao tahakiki nzuri ingeufuata.

"Community" inafaa kwa zoezi la mantiki tupu. Madai yake ni haya: lililo jema tunapaswa kulipenda, lililo baya kulichukia, na lisilo jema wala baya tunaweza kulijaribu apendavyo kila mtu. Wanawake hawakuumbwa wema wala wabaya. Kwa hiyo wote wanaweza kutumiwa na wote. Tafuta dai lisilo na ushahidi. Ni la pili, na kulithibitisha nafsineni anatoa sababu mbili: kama wangekuwa wema, wema huo ungeonekana wazi kama rangi ya kijani, na kama wangekuwa wabaya, wasingedumu, maana ubaya hujila wenyewe. Sababu hizo hazimshawishi mtu yeyote aliyewahi kuishi na binadamu wengine. Tena angalia jinsi "tusiwapende wala tusiwachukie" ilivyogeuka kimyakimya kuwa "tuwatumie", mpaka shairi linamalizikia kwenye matunda na ganda linalotupwa baada ya kokwa kuliwa. Kwa maoni yangu hili ni shairi dogo kuliko hayo mengine, kwa sababu hakuna mahali nafsineni anapojikwaa kwa maumivu yake mwenyewe. Lina mashine ya hoja lakini halina mtu ndani.

Hatua ya sita: sikiliza umbo

Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili huhesabu mizani kwa silabi na hutarajia vina vya kati na vya mwisho. Katika Kiingereza cha Donne unahesabiwa mkazo, na mikazo yake ni migumu kiasi kwamba Jonson alisema anastahili kunyongwa kwa kutoifuata. Usijaribu kuulainisha ugumu huo unaposoma kwa sauti. Ndio unaoleta sauti ya mtu anayebishana.

Wimbo wa kimondo, kinyume chake, unaimbika. Una beti tatu za mishororo tisa tisa, na katika kila ubeti mshororo wa saba na wa nane ni mifupi mno, silabi mbili mbili, kabla ya mshororo wa mwisho kurefuka tena. Kusimama huko kwa ghafla kunafanya kazi ya mcheshi anayevuta pumzi kabla ya kutoa kichekesho. Soma ubeti wa kwanza na uziorodheshe amri zake: kamata kimondo, utie mimba mzizi wa mmea uitwao mandreki, niambie miaka iliyopita iko wapi, nani aliupasua ukwato wa shetani, nifundishe kuwasikia nguva wakiimba, nifundishe kuukinga mchomo wa husuda, na utafute ni upepo gani unaomsogeza mbele mtu mnyofu. Tano za kwanza ni miujiza. Mbili za mwisho ni mambo ya kawaida ya maisha ya ikulu na ofisini, na kwa kuyaweka katika orodha hiyo nafsineni anasema kwamba unyofu kulipwa ni muujiza kama mwingine. Hadi hapo mwanamke hajatajwa kabisa. Kutoamini kwake kumeenea dunia nzima kabla hakujamfikia mwanamke yeyote.

Ubeti wa pili unamtuma msafiri apande farasi siku elfu kumi mchana na usiku, ambayo ni zaidi ya miaka 27, arudi na mvi na kuapa kwamba hakuna mahali anapoishi mwanamke mwaminifu na mzuri. Ubeti wa tatu ndio wa kuuangalia kwa karibu. Ukimpata mmoja, anasema, niarifu, kwa maana hija ya namna hiyo ingekuwa tamu. Mara anakatiza: hapana, usiniambie, nisingekwenda hata kama angekuwa nyumba ya jirani, kwa kuwa hata kama alikuwa mwaminifu ulipokutana naye, na akaendelea hivyo hadi ulipoandika barua yako, kabla sijafika atakuwa amewasaliti wawili au watatu.

Anayedai jambo la jumla kiasi hicho anakataa kuvuka uzio kwenda kulithibitisha. Anakubali kwamba mwanamke huyo yupo, kwamba alikuwa mwaminifu, hata kwamba uaminifu wake ulidumu kwa muda wa barua. Kisha anafunga mlango. Lile neno "hija" nalo linabaki, maana hija hufanywa na mwenye imani.

Hatua ya saba: liweke kando ya shairi la uaminifu

Usimalize bila kusoma angalau shairi moja la upande wa pili. Wengi huanza na lile la kuaga lenye mfano wa bikari, "A Valediction: Forbidding Mourning", ambalo Izaak Walton, aliyeandika maisha ya Donne, alisema Donne alimpa mkewe alipokuwa akiondoka kwenda Ufaransa mwaka 1611. Mimi ningependekeza "The Anniversary", kwa sababu linaiweka wazi hofu ambayo mashairi ya ubeuzi huificha. Wafalme wote na jua lenyewe vimezeeka kwa mwaka mmoja, linasema, lakini mapenzi yetu hayana jana wala kesho. Kisha, karibu na mwisho, linauliza: nani aliye salama kama sisi, ambao hakuna awezaye kutusaliti isipokuwa mmoja wetu? Sentensi hiyo imebeba mlango wa dharura ndani yake. Shairi linaloapa uaminifu linajua vizuri usaliti ungetokea wapi, na "The Good-Morrow" nalo linamalizikia kwa masharti ya "kama", kwamba kama mapenzi yetu mawili ni kitu kimoja, basi hayawezi kufa.

Weka mashairi mawili kwenye karatasi moja na uandike swali ambalo yote mawili yanalijibu. Mara nyingi ni lilelile: je, kiapo cha jana kinamfunga mtu wa leo?

Hatua ya nane: usiyafunike yanayowadhalilisha wanawake

Baadhi ya wahakiki, wakishaona kinaya, hujiona wameondolewa lawama yote. Sikubaliani nao. Kuonyesha kwamba nafsineni wa "Community" anabishana vibaya hakufuti ukweli kwamba raha ya shairi ilikuwa ya wanaume waliowacheka watu wasiokuwepo kujibu. Andika mambo hayo mawili pamoja, bila kutumia moja kulifuta jingine.

Jibu lilikuwepo, na linafaa kusomwa. Lady Mary Wroth, binti wa ndugu yake Philip Sidney, alichapisha mwaka 1621 mfululizo wa soneti ambamo Pamphilia anaendelea kumpenda Amphilanthus, mwanamume ambaye jina lake lenyewe linamaanisha mwenye kupenda wawili. Huko uaminifu ni uamuzi wa mwanamke mwenye akili timamu anayejua fika anachofanyiwa, na msaliti ni mwanamume. Katherine Philips, mshairi aliyezaliwa mwaka uliofuata kifo cha Donne, aliuchukua mfano wa bikari na kuuhamishia kwenye urafiki wa wanawake. Ndani ya Donne mwenyewe soma "Confined Love", ambalo linalalamikia sheria ya kumfunga mwanamke kwa mwanamume mmoja na ambalo wengi hulisikia kwa sauti ya mwanamke.

Hatua ya tisa: andika tahakiki yako

Anza na mahali hoja inapovunjika, usianze na maisha ya mshairi. Aya ya kwanza itaje shairi moja, mshororo mmoja na tatizo moja. Aya zinazofuata zieleze jinsi hoja ilivyofika hapo, zikipitia visingizio, milinganisho na umbo kwa mpangilio wa shairi lenyewe. Habari za Petrarca na Ovid ziingie pale tu zinapofafanua shabaha. Usitumie neno "kinaya" bila kueleza kilichosemwa, kilichokusudiwa na dalili iliyokuonyesha tofauti yake.

Kuhusu jina la kundi, kumbuka kwamba Donne na wenzake hawakujiita wanametafizikia. John Dryden, mshairi na mhakiki, alimlaumu Donne mwaka 1693 kwa kuingiza metafizikia katika mashairi ya mapenzi na kuwatatiza wanawake kwa falsafa pale ambapo angepaswa kuwavutia, Johnson akalieneza jina, na insha ya mshairi T. S. Eliot ya mwaka 1921 ikawarudishia heshima. John Suckling, ambaye naye alijisifu kwa kupenda siku tatu mfululizo, kwa kawaida huwekwa katika kundi la washairi wa kasri la mfalme, na ubeuzi wake ni mwepesi zaidi, usio na ubishani wa kisheria. Mtumie kwa kulinganisha tu.

Mwisho, taja chapa uliyoitumia, hasa unapoandika kuhusu "Love's Alchemy". Katika chapa ya mwaka 1633 mishororo miwili ya mwisho ina nukta mkato baada ya neno "women", na "at their best" inaungana na maneno yanayofuata kuhusu utamu na akili za wanawake. Wahariri wengine wamevigawa vituo hivyo kwa namna nyingine, na kila mgawanyo hubadilisha ni kitu gani hasa kinachofananishwa na mumia. Chagua usomaji mmoja, uutetee kwa sentensi mbili au tatu, na uunukuu vilevile hadi mwisho wa tahakiki yako.